Kabati la Mapafu na Kitanda cha Mbavu

Nilipokuwa na umri wenu niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba mwanamume ana mbavu kumi na mbili upande wa kulia na kumi na moja tu upande wa kushoto. Sikuamini nusunusu. Niliamini jinsi ninavyoamini kwamba kesho kutakuwa na joto Garissa.

Habari hiyo nilipewa na dereva wa lori aliyekuwa akituletea vitunguu kutoka Rhamu. Tulimwita Dheere, yaani Mrefu, na jina halikumwonea: akiwa ndani ya lori, kichwa kilikuwa kwenye paa na magoti kwenye usukani. Siku zote alibana mto mdogo mwekundu kwapani, upande wa kushoto. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza mto ni wa nini.

"Wewe ni fundi na hujui?" akashangaa. Akajigonga ubavuni. "Sisi wanaume hapa kuna nafasi, ubavu imebungua moja. Barabara ikikurusha sana, moyo inatoka kwa hiyo nafasi. Wallahi nimeona mtu, moyo yake imehamia tumboni. Akawa anasikia njaa na mapenzi mahali moja."

Nilirudi karakana mbio. Tangu siku hiyo, kila kiti cha mwanamume kilichotoka mikononi mwangu kilikuwa na mto mnene kwenye mkono wake wa kushoto, wa kuziba ile nafasi. Sikumwambia mtu sababu. Ilikuwa siri ya biashara. Na wazee walivipenda! Ukimwona mzee yeyote kati ya Garissa na Mandera ameketi ameegemea kushoto kwa raha kama sultani, jua anakalia kazi yangu. Kwa karibu miaka ishirini niliwalaza wanaume wa kaunti tatu upande mmoja.

Sasa nyinyi vijana mnaoshika randa leo, msicheke mapema. Imani hiyo nusura inichomee kazi niliyoitaka kuliko zote: kitanda cha binti yangu Nasteho.

Mambo yalikuwa hivi. Nasteho alichumbiwa na kijana wa Takaba. Mama wa kijana anaitwa Dahabo, yaani dhahabu, na mama huyo analiheshimu jina lake. Alikuwa ameshachagua kitanda cha dukani, cha rangi ya dhahabu, chenye vioo kichwani na maua ya plastiki. Binti yangu akasema mbele ya wanawake wote wa pande mbili: "Kitanda yangu atatengeneza aabo." Aabo ni baba. Dahabo akajibu kwamba ni sawa, lakini atakuja kukiona mwenyewe kabla hakijapakiwa. Kikimridhisha kitakwenda Takaba. Kisipomridhisha kitaenda cha vioo, na binti yangu ataanza maisha ya ukweni kama msichana aliyejisifia baba asiyejua kazi.

Kwa hiyo neno la Nasteho lilikuwa limewekwa juu ya mikono yangu miwili. Na mimi nikaamua kitanda hicho kiwe na mbavu.

Mtauliza, kwani kitanda na mbavu wapi na wapi? Subirini. Lazima niwaeleze kwanza jinsi nilivyokuwa fundi wa viungo vya watu.

Nilikuwa fundi wa kawaida tu, meza na makabati, kibanda changu cha mabati kikiwa karibu na soko la mifugo. Halafu nikaingia masomo ya jioni, yale ya ngumbaru, nikiwa na ndevu na watoto wanne. Mwalimu wetu alitoka bara na alikuwa na vita moja tu maishani: herufi P. Sisi Wasomali, kwetu P huwa inatoka B, hatuna ubaya nayo, ila haijazaliwa nyumbani. Mwalimu alitufundisha kushika kipande cha karatasi mbele ya midomo. Ukisema "papai" na karatasi haikutikisika, umesema "babai", anza upya. Nilipapasa, nikapepesa, nikapuliza. Wiki ya pili P yangu ilikuwa kali kiasi cha kuzima kibatari cha jirani yangu.

Jioni moja akatuchorea mapafu ubaoni. "Hili ni pafu," akasema, "na hili ni pafu. La kushoto ni dogo kidogo." La kushoto ni dogo! Nikatazama huku na huku kuona kama wenzangu wamesikia. Dheere alisema kweli: upande wa kushoto umepunjwa! Somo la mifupa lilipangwa Jumatano iliyofuata, na Jumatano umeme ukakatika. Elimu yangu ina pengo lenye ukubwa wa Jumatano moja, na katika pengo hilo ndimo mbavu zilimopotelea.

Basi wiki ileile akaja Eeddo Kaltuma, shangazi wa kila mtu mtaani, aliyekuwa amejenga nyumba mpya. Akaniambia, "Abdi, nitengenezee kabati ya bafu. Milango mbili. Iwe nzuri, wageni waone."

Mtu asiyesoma angesikia bafu na kutengeneza kabati la kuwekea sabuni. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Nikajua watu wangu wakisema B huwa wanamaanisha P. Nikamsahihisha kimoyomoyo, maskini mama wa watu, nikaandika kwenye daftari langu: kabati la PAFU.

Nilifanya kazi siku kumi na moja bila kula. Sawa, nilikula, lakini kidogo. Nikatengeneza milango miwili ya mviringo, wa kulia mkubwa, wa kushoto mdogo kama mwalimu alivyochora. Katikati nikasimamisha koo, na ndani, badala ya rafu zilizonyooka, nikaweka matawi matawi ya kuwekea vikombe. Nikalipaka vanishi nyekundu. Tukalipeleka kwa tuktuk likiwa limefungwa shuka, nikalifunua kwa madaha.

Eeddo Kaltuma alilizunguka mara mbili. "Hii ni nini? Ini?"

"Mapafu, Eeddo. Ulisema pafu."

"Nilisema bafu!"

"Ndiyo. Pafu."

"Bafu, wewe! Ya kuoga! Ya maji!"

"Na hii ya kupumua unaiitaje?"

"Bafu!"

"Na ile ya kuoga?"

"Bafu! Mungu anipe subira, ni maneno mbili tofauti, huna masikio?"

Nilitaka kulirudisha kwenye tuktuk, lakini shangazi alikuwa ameufungua mlango wa kulia, akaufunga, akaufungua tena. Ukiufungua ulikuwa unavuta hewa, fyuu, na ukiufunga unaitoa. Hilo sikulipanga, wallahi. Mbao tu zilikuwa zimebanana vizuri. "Inabumua," akasema kwa sauti ndogo. Akaliweka sebuleni. Kabla ya Ijumaa mbili kupita, wanawake saba walikuwa wamesimama karakanani kwangu. Mmoja alitaka cha kutundikia kanzu chenye umbo la mkono. Mwingine alitaka visahani vya haluwa vyenye umbo la sikio, ili wageni wakila, umbea nao uwe na pa kukaa.

Ndivyo nilivyofika huko. Wengine huja mjini kutafuta kazi. Mimi kazi ilinifuata kwa kosa la herufi moja.

Lakini umbo peke yake si kazi, vijana. Umbo hata mtoto huchora. Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Musyoka, Mkamba aliyetoka Mwingi akaoa na kuzeeka Garissa, ambaye nilikuwa nimechonga naye tangu nikiwa kijana. Kiti changu cha kwanza kabisa kilikuwa na mgongo ulionyooka kama ukuta. Mteja alikikalia, akaondoka akitembea kama mtu aliyesomewa hukumu. Musyoka hakunikaripia. Alinichukua mpaka ukingoni mwa mto Tana, pale mchanga ulipo na unyevu, akaurundika, akaupiga kwa mikono ukawa mgumu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa, nikaegemea.

"Inuka polepole. Sasa geuka, ujione."

Mchangani palikuwa na mimi: shimo la makalio, bonde la kiuno, kilima, kisha mabega. Hakuna mahali palipokuwa pameenda sawa kama ukuta.

"Wewe unapima kiti kwa macho," akasema. "Macho hayakai. Pima kwa matako."

Tangu hapo wateja wangu wa heshima wote wameketishwa mchangani kwanza. Unauchukua mkunjo ule kwa waya laini, unauweka juu ya mbao, unachora. Kuna mfanyabiashara mmoja wa ngamia, mtu mnene kweli, ambaye baada ya kuinuka maji ya mto yaliingia kwenye shimo lake na mbuzi wakawa wanakunywa humo wiki nzima. Kiti chake bado kipo, hakijalia hata mara moja.

Jambo jingine nililoshikilia: sikuchonga uso. Wateja waliniomba, nikakataa. Mkono ndiyo, mguu ndiyo, sikio ndiyo, lakini macho ya kunitazama ndani ya nyumba ya Mwislamu anayesali, hapana. Hata hivyo miguu peke yake ilinitosha kwa vituko. Niliwahi kutengeneza meza yenye miguu minne ya binadamu, vidole vitano kila mguu, kucha na kila kitu. Bibi mmoja wa nyumba hiyo alikuwa haoni vizuri. Asubuhi wakakuta ameivalisha meza kandambili, jozi mbili, akisema sakafu ni baridi.

Na mbao? Nyote mnaulaani mti wa mathenge, kwamba unatoboa matairi kwa miiba na kuwaozesha mbuzi meno. Mimi naushukuru. Mathenge haukupi ubao mrefu ulionyooka, hata ukiuomba kwa machozi. Unakupa matawi yaliyopinda, magumu, rangi ya asali ndani. Nyinyi mnaona kuni. Mimi naona mbavu zimeshapindwa na Mungu, kazi yangu ni kuzimenya tu. Ila sikilizeni: ukikata usichonge siku hiyo. Toa maganda yote, maana dudu hukaa hapo, kisha loweka matawi ndani ya pipa siku kadhaa, uyakaushe kivulini, si juani. Jua letu litayapasua mbele ya macho yako. Na msasa piga kufuata nyuzi za mti. Ukipiga kinyume, vanishi itakushtaki.

Sasa mnaelewa kwa nini kitanda cha Nasteho kilipata mbavu. Nilikuwa na jina mjini la kutengeneza vitu vya mwili, nilikuwa na mathenge bora kuliko yote niliyowahi kukata, na nilikuwa na siri ya Dheere. Nikajiambia, huu ndio mkutano wa elimu yangu yote.

Kichwani mwa kitanda nilisimamisha uti wa mgongo, pingili juu ya pingili, kila moja imechongwa peke yake na kuingia kwa mwenzake bila msumari. Kutoka kwenye uti nikatoa mbavu pande zote mbili, zimepinda kwa ndani kidogo, ili ukiegemea usiku unasoma au unanywa chai uwe umekumbatiwa. Upande wa bibi harusi, mbavu kumi na mbili. Upande wa bwana harusi, kwa heshima ya ukweli wa kisayansi, kumi na moja.

Sikumwonyesha mtu. Nasteho alikuwa akija karakanani akitoka kazini. Anafanya kazi hospitali, chumba cha kupiga picha za mifupa. Ananyoosha mkono ashike shuka niliyokifunika nayo. "Aabo, kidogo tu."

"Aabo, hapana," namjibu. Kwetu baba na mtoto huitana jina moja, mapenzi hurudi yalikotoka.

"Mama mkwe anakuja Alhamisi. Niambie tu, kitakuwa kizuri?"

"Kitaongea chenyewe."

"Ndiyo naogopa," akasema, akaenda zake.

Alhamisi ikafika. Dahabo alikuja na wanawake wanne, tuktuk mbili, manukato yakitangulia. Lori la kwenda Takaba lilikuwa limeegeshwa nje, nusu yake ikiwa tupu, na nilijua fika kwamba kile kitanda cha vioo kilikuwa dukani, mtaa wa pili, kikisubiri simu yake.

Nikavuta shuka. Dahabo alishika mguu mmoja wa kitanda akautikisa kwa nguvu zake zote. Kimya, hakuna mlio. Akapitisha kiganja kwenye uti wa mgongo.

"Hii ni nyoka?"

"Uti wa mgongo, walaal," nikamjibu, yaani ndugu.

"Hmm." Akaanza kuhesabu mbavu kwa kidole, kwa Kisomali, upande wa bibi harusi, kwa sauti, mpaka laba iyo toban, kumi na mbili. Akahamia upande wa mwanawe. Alipofika kow iyo toban, kumi na moja, kidole kikatafuta ubavu mwingine, hakikupata. Akarudia. Kow iyo toban.

"Fundi," akasema, "ya kijana yangu imebungua moja."

Wanawake wanne wakasogea. Mmoja akahesabu upya. Mwingine akaguna ule mguno ambao wanawake huutoa bei ikiwa juu. "Amechoka kabla ya kumaliza," akanong'ona kwa sauti ya kusikika.

Nasteho alikuwa mlangoni. Nilimwona akitazama zile mbavu, midomo ikitembea, naye anahesabu. Kisha akanitazama mimi. Nami nikavuta pumzi, nikafungua mdomo niwasomeshe akina mama hawa habari ya nafasi ya kushoto, na pafu dogo, na moyo wa yule mtu uliohamia tumboni.

Akaniwahi.

"Hooyo," yaani mama, akamwambia mama mkwe kwa adabu, macho chini, "hiyo iliyopungua ni mimi."

Dahabo akamtazama, akatazama kitanda, akamtazama tena.

"Wewe?"

"Kitanda ndiyo imesema."

"Yaani kijana yangu bila wewe hajatimia?"

Nasteho alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mmoja wa wale wanawake wanne, yuleyule wa mguno, akapiga kigelegele kilichotikisa mabati. Wenzake wakadakia. Dahabo alijitahidi kukaza uso, lakini mashavu yalimshinda. Akageuka kwangu, akanyoosha kidole kuelekea kitanda, akasema neno moja:

"Bakia!"

Vijana, lisikilizeni neno hilo. Bakia! Anasema kibakie hapahapa karakanani, au anasema kipakiwe? Ni B ya kweli au ni P yetu? Mwalimu na karatasi yake hakunitayarisha kwa siku hiyo. Kosa la kabati la mapafu nililifanya kwa kujifanya najua mtu amekusudia nini. Safari hii nilimeza fahari yangu, nikauliza.

"Walaal, unisamehe. Kitanda ibaki hapa, au iingie kwa lori?"

"Sasa wewe unasikia nini? Kwa lori! Bakia kwa lori, haraka, kabla hawa wanawake waniibie!"

Walikibeba wanaume sita. Mimi nilishika upande wa kichwani, sikumwachia mtu. Dahabo alisimama nyuma ya lori akiwaelekeza kana kwamba yeye ndiye aliyekichonga, na kila aliyepita barabarani aliambiwa habari ya ubavu uliopungua, kwamba ubavu wenyewe ni mke wa mwanawe, na kwamba mke huyo ana akili.

Ndipo nikamvuta binti yangu pembeni, nimejaa fahari kama pipa la mvua. Nikamwambia nimefurahi kuona kumbe naye anajua siri ya wanaume, na ameihifadhi vizuri mbele ya watu.

"Siri gani, aabo?"

"Ya ubavu wa kushoto. Kwamba sisi tumepungukiwa."

Akatazama kama wanawake wako mbali. Kisha akachukua mkono wangu wa kulia, akauweka ubavuni mwangu, kushoto, akakisukuma kidole changu taratibu kutoka juu hadi chini, akihesabu nami kwa sauti ndogo, na mahali niliposema nimefika mwisho akakibonyeza kwa nyuma kidogo, karibu na mgongo, palipokuwa na kitu kigumu, kifupi.

"Napiga picha vifua vya watu kila siku, aabo, wanaume na wanawake. Ni kumi na mbili kila upande, kwa wote. Hujapungukiwa na kitu."